Maswali ya wasomaji: Hita gani kwa gari la kulala?

Barua za safari hii karibu zote zinaulizia baridi. Watu mmegeuza vani zenu, kitanda kipo, sinki ipo, taa za kupendeza zimepangwa darini, halafu usiku wa kwanza wa baridi kali mnagundua kwamba bati ni bati tu. Zile zinazofanana nimeziunganisha, na nyingine nimezikata kidogo manake kuna mtu kaandika kurasa nne na swali lenyewe liko mstari wa mwisho kabisa.

Shikamoo fundi. Nina vani ndefu ya bati, ile ambayo mtu anasimama wima ndani, nimeigeuza mwenyewe kwa ajili ya mimi na mke wangu. Tunataka kwenda nayo kwenye theluji. Nimeambiwa nifunge hita ya dizeli, mwingine anasema gesi, shemeji yangu anataka niweke stovu ya kuni, na muuzaji mmoja kanihakikishia hita ya umeme ndo kila kitu. Nimechoka kusikiliza. Nifunge ipi na ya ukubwa gani? – Baridi Yabisi

Marahaba, na pole kwa washauri. Mi kabla ya kutaja aina ya hita huwa nauliza kitu kimoja: moto utavuta hewa ya wapi, na moshi wake utatokea wapi? Kama moto unavuta hewa ileile unayopumua wewe ukiwa umelala, hiyo hita kwangu haiingii kwenye gari la kulala hata ukipewa bure. Ukishaliweka hilo mbele, nusu ya vitu unavyoonyeshwa madukani vinajiondoa vyenyewe.

Hita ya dizeli ya kupuliza hewa, zile za Webasto na Eberspächer na nakala kibao za Kichina zilizokuja baadaye, ina kichumba cha chuma kilichofungwa kabisa. Dizeli inaingia humo tone kwa tone, inaungua kwa hewa inayovutwa na bomba kutoka chini ya gari, na moshi unatoka kwa bomba lingine, nao huko huko nje. Hewa ya ndani ya gari haikutani na moto hata kidogo, feni inaipuliza ipite kwenye mapezi ya aluminiamu yaliyoshika moto halafu inarudi kwenu ikiwa kavu. Hiyo ndo sababu watu wengi wanaishia kwenye dizeli, tena kama gari lenyewe ni la dizeli ndo kabisa, unachota kwenye tangi lilelile na huna mtungi wa kukuishia saa nane za usiku.

Kuna hita za gesi nazo zimejengwa kwa mtindo huohuo wa chumba kilichofungwa, mfano Propex na Truma, na hizo sina ugomvi nazo, ni kimya kuliko dizeli na baadhi ya Truma zinakuchemshia na maji ya kuoga humohumo. Ila gesi ina mambo yake. Kilo moja ya propeni inakupa joto la kama kilowati-saa 12 na ushee, kwahiyo usiku wenye urefu wa saa nane ukitumia wastani wa kilowati 1 unakula kama gramu 700, yaani mtungi wa kilo 10 unakupeleka wiki mbili hivi, na baridi ikikaza wiki inatosha kuumaliza. Halafu angalia kilichomo ndani ya mtungi. Butani inaacha kugeuka gesi kwenye nyuzi karibu na sifuri, propeni inaenda mpaka chini ya nyuzi hasi 40. Mtu anapanda mlimani na mtungi wa butani umejaa pomoni, anaamka asubuhi jiko haliwaki, anadhani regyuleta imekufa kumbe gesi imelala tu humo ndani.

Sasa ukubwa. Chukua hesabu ya harakaharaka. Vani kama yako, ukijumlisha kuta, paa na sakafu unapata kama mita za mraba 40. Ikiwa imefungwa insulesheni (tabaka la kuzuia joto lisitoke) ya sentimita mbili na nusu vizuri, na unataka ndani pawe na nyuzi 20 zaidi ya nje, unapoteza kama wati 1,200. Bati tupu lisilo na kitu linapita wati 4,000 kwa nyuzi hizohizo. Kwahiyo kilowati 2 zinakutosha kwa baridi ya kawaida kama kuta umezivalisha, na 4 ni kwa wanaokwenda kulala kwenye nyuzi hasi 20 huko. Usikimbilie kubwa. Hita kubwa kwenye gari dogo inashinda ikifanya kazi kwa uvivu, moto mdogo mdogo, inajaa masizi, na barua inayofuata hapa chini inahusu hilohilo. Pia zile nakala zinazoandikwa kilowati 8 kwenye boksi, ukizipima kwa mkono umbo lake ni lilelile la kilowati 5, mi naisoma hiyo namba kama jina la kifaa tu.

Kwahiyo kwako wewe ni dizeli, 2 kama mnakwenda na kurudi, 4 kama mtakaa huko baridi nzima. Na kabla hujafunga hita rudi uangalie pale kati ya viti vya mbele na sehemu ya kulala. Watu wanavalisha kuta vizuri sana halafu wanaacha kioo kikubwa cha mbele na vya milango viko uchi, joto lote linatokea pale. Pazia zito pale kati, na vifuniko vya vioo vyenye unene wa maana, sio ile karatasi ya kung'aa nyembamba peke yake, na utaona hita inaanza kupumzika yenyewe.

Fundi habari. Nina hita ya dizeli ya bei nafuu, msimu uliopita ilikuwa haina shida, safari hii tukiwa milimani ikaanza kutoa moshi mweupe mzito, inajaribu kuwaka, inazima, inajaribu tena, halafu inaandika namba ya hitilafu na kukata tamaa. Sijawahi kuitesa, tena huwa naiweka kiwango cha chini kabisa usiku kucha ili isile mafuta. Ni plagi imekufa? – Mama Safari

Nzuri dada yangu. Plagi inaweza kuwa ndo yenyewe ila mi nashuku hapo uliposema hujawahi kuitesa. Hizi hita zinataka kuteswa kidogo. Ukiiweka chini kabisa kila siku, moto ndani ya kichumba hauna joto la kutosha kuunguza dizeli yote, na ile isiyoungua inabaki ikiwa masizi. Ukija kuifungua utaona mwenyewe: ukishatoa kifuniko na feni, kuna plagi ya kuwashia imeingia ubavuni, na imezungukwa na kiwavu kidogo cha chuma, kimeviringishwa, kinaweza kukaa juu ya ncha ya kidole. Kiwavu kikiwa kipya unaona mwanga kupitia matundu yake. Chako nadhani kimekuwa cheusi na kigumu, matundu yameziba, na dizeli haifiki vizuri pale inapotakiwa kugeuka mvuke ishike moto. Plagi inapata joto, pampu inapiga tak tak tak, mafuta yanaingia lakini hayawaki, yanatoka kwenye ekzosi yakiwa mvuke mweupe unaonuka dizeli mbichi. Ndo huo moshi wako.

Halafu ukaongezea mlima. Hita nyingi za bei nafuu zinapimwa mafuta kama vile uko tambarare, pampu inapiga dozi ileile popote ulipo, lakini kwenye mita 3,000 mgandamizo wa hewa umepungua kama asilimia 30, kwahiyo mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa na masizi yanazidi. Ukipita mita 1,500 hivi anza kulifikiria hilo. Hita za bei ya juu zina kifaa cha kurekebisha, nyingine zinajirekebisha zenyewe, na kwenye nyingi za bei nafuu kuna menyu ya fundi ambapo unapunguza mapigo ya pampu au unaongeza mzunguko wa feni. Ukishuka urudishe kama ilivyokuwa.

Cha kufanya sasa: badilisha kile kiwavu, ni kitu kidogo sana, plagi iangalie ukiwa umeshaitoa, na masizi ya ndani ya kichumba yakwangue kwa kitu kisichochubua aluminiamu. Gasketi weka mpya, usirudishie ya zamani hata ikionekana nzima, manake hiyo gasketi ndo inayotenganisha moshi na nyie mliolala. Ukimaliza, iwashe kwenye kiwango cha juu kabisa nusu saa, mlango wazi. Na kuanzia hapo jizoeshe, kila ulipoiendesha chini kwa muda mrefu, kabla ya kuzima ipandishe juu dakika 20 au 30 iunguze takataka zake. Wapo wanaoinywesha mafuta ya taa mara mojamoja kwa sababu yanaungua kisafi zaidi kuliko dizeli, ni sawa kama kitabu cha hita yako kinaruhusu. Petroli kamwe, usijaribu.

Kitu kingine, na hiki kinawapata wengi. Usiizime kwa kukata umeme. Ukibonyeza kuzima, inaendelea kupuliza dakika kadhaa ili ijipoze, ukikata betri katikati joto linabaki limefungiwa ndani, linaua plastiki, sensa, na ile bodi ya umeme.

Na kama baada ya yote hayo inaandika namba ya hitilafu ya umeme mdogo wakati wa kuwaka, usikimbilie kununua betri. Plagi inavuta ampea 8 mpaka 10 kwa dakika chache za kuanza, waya mrefu mwembamba unaokuja kwenye boksi unapoteza volti njiani, betri ina 12.6 lakini kwenye hita zinafika 11 na kitu. Waya mnene na mfupi, fyuzi karibu na betri, kwisha.

Mambo fundi! Mi nina paneli za sola juu ya paa, betri ya lithiamu ya ampea-saa (Ah) 100 na inverta ya wati 2,000. Sitaki moshi, sitaki dizeli, nataka hita ndogo ya umeme ya wati 1,000. Jua ni bure. Kuna ubaya gani? – Kijana wa Sola

Poa mdogo wangu. Ubaya ni hesabu tu. Betri ya 12V yenye Ah 100 ina kama kilowati-saa 1.28 ikiwa imejaa kabisa. Hita ya wati 1,000 ukipitisha kwenye inverta, na inverta nayo ina kodi yake, unavuta karibu wati 1,100, yaani ampea 85 na zaidi. Unapata saa moja na dakika chache. Halafu taa zinazima, friji inazima, na usiku ndo kwanza umeanza. Ingekuwa betri ya asidi ungeitoa roho kabla ya nusu saa. Na hilo jua la bure, kipindi cha baridi ndo kipindi linapochelewa kutoka na kuwahi kuzama, paneli zina theluji juu, kwahiyo kesho yake hutarudisha ulichotumia.

Tofauti na hapo, hita ya dizeli ikishawaka inavuta ampea moja na nusu tu hivi za kuendeshea feni na pampu, usiku mzima hata Ah 20 haifiki. Kazi ya joto inafanywa na mafuta, betri inazungusha feni tu.

Umeme una mahali pake lakini. Ukiwa kwenye kempingi yenye soketi ya kuchomeka, hita ndogo ya feni ya wati 500 mpaka 1,000 ni raha tupu, hakuna moshi, hakuna unyevu, uliza kwanza soketi yao inabeba ampea ngapi, sehemu nyingine ni 6 tu na ukichomeka na birika juu yake unazimia kambi nzima. Na blanketi la umeme la 12V, la wati 50 hivi, hilo nakushauri ununue leo. Linakula ampea 4, tena linawaka na kuzima, na unapasha mwili wako badala ya kupasha hewa ya gari zima. Watu wengi wenye hita kubwa kumbe walichohitaji ni blanketi.

Ila ilinde hiyo lithiamu yako. Aina inayotumika sana kwenye magari haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, inaharibika kwa ndani kimyakimya. Nzuri zina ulinzi unaokata chaji, zingine hazina. Ifunge ndani ya sehemu yenye joto, isiwe kwenye boksi la nje.

Shikamoo. Tunatumia hita ya gesi ya kubebeka, ile ya kuweka sakafuni yenye bamba jekundu linalong'aa. Inapasha haraka sana lakini asubuhi vioo vinatiririka maji, mto umelowa, nguo kabatini zina harufu ya uvundo. Mume wangu anasema ni pumzi zetu. Pia naamka na kichwa kizito ila nikitoka nje kidogo kinaacha. Hita yenyewe ina kitu cha kujizima oksijeni ikipungua kwahiyo sina wasiwasi nayo. – Asiyelala

Marahaba dada. Swali lako la kwanza nitalijibu la pili, manake hilo la kichwa limenifanya nikae vizuri kwenye kiti. Usiiwashe tena hiyo hita mkiwa mmelala. Leo hiihii.

Kichwa kinachouma ndani na kuacha nje ni dalili ya monoksidi ya kaboni. Gesi hii haina rangi, haina harufu, na inashikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoshika, kwahiyo hata kiasi kidogo angani kinaijaza damu yako taratibu ukiwa usingizini. Dalili zingine ni kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usioeleweka, na kama mlioko ndani wote mnajisikia hivyo kwa pamoja basi msitafute mafua. Nendeni hospitali na mseme wazi kwamba mnashuku moshi wa hita, mkinyamaza watawatibu homa. Na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni kisiwadanganye, cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba hiyo sumu, kitaandika 98 na wewe unazimia.

Hicho kitu cha kujizima ni kweli kipo na ni kizuri, ila kinaangalia oksijeni ikipungua, hakipimi sumu. Bamba likiwa na vumbi au limeharibika, hita inaweza kuwa inatoa monoksidi huku oksijeni bado inatosha, na hakitashtuka.

Sasa maji. Mume wako ana haki kidogo, watu wawili mkilala mnatoa zaidi ya nusu lita kwa pumzi na jasho. Ila hita yenu inawazidi. Kila kilo moja ya propeni ikiungua inazaa maji kilo 1.6, ndo kemia yake ilivyo, haidrojeni ya gesi inakutana na oksijeni. Hita ndogo ya kilowati 1.2 usiku mzima inachoma kama gramu 750, hapo ni lita moja na robo ya maji mnayopuliziwa ndani ya chumba kilichofungwa. Yanaenda wapi? Kwenye kioo, kwenye vyuma vya mbavu za gari ambavyo havikuvalishwa, na nyuma ya mbao ambako huoni, huko ndo kutu na ukungu vinapoanzia.

Ukija kufunga hita yenye bomba la nje, maji hayo yote yanatoka na moshi. Pumzi zenu zitabaki, na dawa yake ni feni ya paa wazi kidogo pamoja na upenyo mdogo upande wa chini, hata ikiwa baridi. Najua inauma kufungua paa wakati unalipia joto. Fungua tu, hewa ya baridi ya nje ni kavu, ikipashwa inafyonza unyevu wenu na kuondoka nao.

Nafunga hita ya dizeli mwenyewe wiki ijayo, nina zana zote. Vitu gani nisivikosee? – Fundi wa Nyumbani

Tundu la sakafuni kwanza. Hita inakaa juu ya bamba la chuma na chini yake gasketi, na mabomba matatu yanashuka: hewa ya kuungua, moshi, na mafuta. Tundu hilo lizibwe pasipite hata pumzi ya moshi kurudi juu. Kabla ya kutoboa ingia chini ya gari na tochi, tazama tangi, waya, breki na boriti ziko wapi, mara mbili, manake ukishatoboa umetoboa.

Bomba la moshi lipeleke mpaka ubavuni mwa gari, lisiishie katikati ya uvungu, na lisitazame dirisha wala mlango. Mdomo wa kuvuta hewa uwe mbali nao na usielekee mbele ambako maji yanarushwa. Lile bomba linapata joto la nyuzi mamia, lifunge kitambaa cha kuhimili moto na liweke mbali na mpira wa mafuta. Saailensa ina kitundu kidogo cha kutolea maji, kiangalie chini, kikiwa juu inajaa maji na yakiganda hita haiwaki.

Mafuta ndo sehemu watu wanaharakisha na ndo inayosumbua. Tumia lile bomba jembamba gumu lililokuja nalo, lenye tundu la ndani la milimita 2 hivi, usibadilishe ukaweka mpira mpana, mpana unakaa na mapovu ya hewa na kila povu likifika kwenye moto hita inakohoa. Pale unapounganisha, ncha mbili za bomba zigusane ndani ya kile kimpira, usiache nafasi. Pampu ifunge imeinama, upande wa kutolea ukiwa juu, kama nyuzi 15 mpaka 35, ili mapovu yapande yaondoke. Na iwe kwenye mpira laini la sivyo tak tak yake itawafikia kitandani kupitia chasisi. Baadhi ya vani tangi lake tayari lina mdomo wa ziada ulioachwa na kiwanda kwa kazi hii, angalia kabla hujaanza kushusha tangi bure.

Shemeji wa msomaji mwingine hapo juu yuko sahihi, stovu ya kuni haina mpinzani! Haina umeme, haina pampu, haina bodi ya kuungua. Mbona mnaipuuza? – Mpenda Kuni

Siipuuzi mzee wangu, joto lake ni tamu na linakausha gari kuliko kitu kingine chochote, mradi ina bomba la ukuta mbili linalotoka paani na sehemu yake ya kuvutia hewa kutoka nje. Tatizo ni usingizi. Stovu ndogo ya kwenye gari inabeba vijiti viwili vitatu, baada ya saa moja au mbili imebaki makaa, saa tisa usiku unaamka ukitetemeka kuchochea. Na makaa yanayofifia ndo yanayotoa monoksidi nyingi huku bomba limepoa na halivuti vizuri. Halafu huwezi kuendesha gari na moto ndani, kuni kavu zinakula nafasi, na kampuni za bima nyingine hazitaki hata kusikia. Kwa anayekaa mahali pamoja baridi nzima, sawa. Kwa anayehama kila asubuhi, hapana.

Za harakaharaka

*Mishumaa ndani ya chungu cha udongo inapasha gari?* Haipashi. Kimshumaa kimoja kidogo kinatoa kama wati 30, na chungu hakiongezi hata wati moja, kinashika joto lilelile na kulitoa polepole. Unabaki na moto wazi kando ya godoro.

*Tukiacha injini inanguruma usiku?* Inakula mafuta mara kadhaa ya hita, inajaza injini masizi, sehemu kama Ujerumani na Uingereza unaweza kupigwa faini ukiwa barabarani, na theluji ikiziba ekzosi moshi unapanda ndani. Unaweza kupasha gari ukiwa unaendesha kuelekea mnakolala, hilo ni joto la bure kweli. Ukishaegesha zima.

*Jiko la mkaa tukiliingiza likiwa limeshashika na halina moshi?* Hapana, hapana, hapana. Mkaa usio na moshi ndo hatari kuliko wenye moshi, manake moshi ungekukimbiza. Hata dirisha likiwa wazi. Na jiko la gesi la kupikia ni la kupikia, sio la kulalia.

*Gari la jirani linaweza kutudhuru?* Ndiyo, hasa jenereta. Mkipaki mmebanana, angalia ekzosi ya mwenzako inaelekea wapi na yako inaelekea wapi.

*Alamu ya monoksidi niifunge wapi, na moja inatosha?* Ya monoksidi ifunge karibu na vichwa vyenu mnapolala, kwa urefu ule mnaopumulia, sio juu kabisa ya hita na sio nyuma ya pazia, manake gesi hii uzito wake unakaribiana na hewa kwahiyo inachanganyika kila mahali. Nunua iliyoandikwa EN 50291-2, hiyo ndo imepimwa kwa ajili ya magari na boti, ya nyumbani haikutengenezwa kuhimili mtikisiko wa barabara. Kama una mtungi wa gesi utahitaji na ya pili ya kunusa gesi, hiyo inakaa chini karibu na sakafu kwa sababu propeni ni nzito kuliko hewa na inatulia chini. Bonyeza kitufe cha kujaribu kila unapoanza safari. Sensa yake inazeeka hata kama betri ni mpya, tarehe ya kuibadilisha imeandikwa kwenye kifaa chenyewe, mara nyingi mgongoni, kwahiyo isome kabla hujaigandisha ukutani.